Kagua Mzizi wa Leseni ya Windows Kabla ya Kumlipa Fundi Akuhamishie

Leo tunaweka kando viwavijeshi vamizi na mbolea ya kukuzia, tuongee kuhusu kompyuta. Najua wapo watakaouliza bwana shamba ameanza lini ufundi wa kompyuta. Jibu ni kwamba maswali ninayoyapata sasa kutoka kwa makatibu wa vikundi, wahasibu wa AMCOS na wenye steshenari hapa Kasulu na Kibondo yanafanana: "Kompyuta yetu ya zamani tuliipandisha ikawa Windows 10. Sasa tumenunua nyingine. Fundi anasema atatuhamishia Windows yetu kwa pesa fulani. Tumlipe?"

Maoni yangu nayaweka mapema: usilipe hata shilingi kwa "kuhamisha leseni" mpaka ujue leseni hiyo ilianzia wapi. Kwa walio wengi haihamishiki, hata kama fundi ni hodari na hata kama kompyuta mpya itawaka vizuri mbele ya macho yako. Kwa wachache inahamishika, na hao wanapaswa kuihamisha kwa utaratibu ili isipotee.

Kwa nini swali limekuja sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, ila marekebisho ya bure ya kuziba matundu ya usalama yalikoma. Kwa mtu binafsi umewekwa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Baada ya hapo unatakiwa uwe kwenye Windows 11, na hiyo inachagua mashine: inataka angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kifaa kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mtumba tunazotumia huku zina RAM na nafasi ya kutosha, ila kwenye TPM zinakwama.

Ndiyo maana watu wananunua kompyuta nyingine. Na kwa kuwa Windows ya awali waliihangaikia, wanataka waondoke nayo, kama mtu anayehama nyumba na kitanda chake.

Leseni ni ruhusa

Ukinunua jembe, jembe ni lako. Ukilipia Windows unapewa ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Ruhusa hizo ziko za aina tatu kubwa.

Ya kwanza ni ile inayokuja ndani ya kompyuta kutoka kiwandani, inayoitwa OEM. Zamani ilitambulika kwa stika iliyobandikwa chini ya laptop au ubavuni mwa kompyuta ya mezani, yenye herufi na namba 25. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, viwanda vikubwa vimekuwa vikiuhifadhi ufunguo huo ndani ya bodi kuu, ile mafundi wanayoita mazabodi. Leseni hii ni mti ulioota ardhini: ukiuza shamba unauza na mti.

Ya pili ni ile iliyonunuliwa peke yake, dukani au mtandaoni kwa Microsoft yenyewe. Kwenye mitambo inaandikwa RETAIL. Hii ni mche ulio kwenye kiriba: unaweza kuubeba ukaenda nao shamba jingine, mradi usidai kwamba umepandwa mashamba mawili kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni ya taasisi kubwa, inaandikwa VOLUME. Hiyo ni mali ya taasisi, wewe huna sehemu ndani yake.

Kupandisha toleo hakubadilishi mzizi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Microsoft ilitoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015, ikawaruhusu wenye Windows 7 na 8 kupanda bure kwa mwaka mmoja. Watu wakapanda. Leo mtu anakwambia, "Mimi nina Windows 10, si ile 7 iliyokuja na kompyuta." Anaamini kupanda kule kulimpa leseni mpya, huru na mashine.

Fikiria parachichi la Hass lililobebeshwa juu ya shina la kienyeji. Tunda litakuwa Hass na soko litakuwa la Hass, lakini mzizi ni ule ule wa kienyeji, kwenye shimo lile lile. Huwezi kumwambia jirani, "Kwa kuwa sasa ni Hass, naung'oa niupande kwako." Windows iliyopandishwa ni hivyo hivyo. Masharti yenyewe ya Windows 10, kifungu cha 4, yanasema wazi: kama ulipanda kutoka Windows iliyokuja na kompyuta, unaweza kumpa mtu mwingine leseni hiyo pamoja na kompyuta yake tu. Kama ulipanda kutoka Windows uliyoinunua peke yake, unaweza kuihamishia kompyuta yako nyingine, na kila ukihamisha lazima uitoe kwenye ya kwanza.

Lipo na kundi la katikati: wale walionunua kasha la kupandishia toleo, ambalo bei yake ilikuwa nafuu kuliko kasha kamili. Hicho ni kikonyo bila shina. Unaweza kukihamisha, ila kompyuta unayokipeleka lazima iwe na leseni yake ya halali chini yake. Usikipeleke kwenye kompyuta tupu ukategemea kitaota.

Namna ya kukagua mwenyewe

Huhitaji fundi kwa hili. Kwenye kompyuta ya zamani, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Kidirisha kikifunguka, andika slmgr /dli kisha bonyeza Enter. Subiri kidogo, kitatokea kisanduku cha maandishi. Tafuta neno OEM, RETAIL au VOLUME.

- Ukiona OEM, leseni ni ya kompyuta hiyo. Haihami.
- Ukiona VOLUME na wewe si taasisi kubwa, ama kompyuta ilikuwa ya taasisi, ama mtu aliichakachua.
- Ukiona RETAIL, usishangilie bado.

Nasema usishangilie kwa sababu Windows 10 iliyopatikana kwa kupanda bure huandika RETAIL hata kama chini yake kuna OEM. Angalia kwenye kisanduku hicho hicho herufi tano za mwisho za ufunguo. Ukikuta 3V66T kwa Windows Pro, au 8HVX7 kwa Windows Home, huo ni ufunguo wa jumla ambao Microsoft huuweka kwenye kompyuta nyingi sana. Hauthibitishi kwamba ulinunua kitu. Hapo rudi kwenye mzizi: kuna stika ya kiwandani kwenye kompyuta? Basi ni OEM. Kuna kasha, risiti au barua pepe ya manunuzi kwa jina lako au la kikundi? Basi una kitu cha kuhamisha. Huna chochote kati ya hivyo? Jihesabu kuwa huna.

Amri nyingine ni slmgr /xpr. Leseni ya kudumu itakwambia ni ya kudumu. Ikikuonyesha tarehe ya kuisha, ujue kompyuta iliwashwa kwa mfumo wa taasisi, ambao kila uhai wake ni siku 180 na lazima uhuishwe.

Kompyuta zilizotoka kwenye mashirika

Huku kwetu, kwa sababu ya kambi za Nyarugusu na Nduta, wengi wanatumia kompyuta zilizouzwa na mashirika yaliyofunga miradi. Zikifika mtaani zinaonyesha VOLUME, na baada ya miezi kadhaa zinaanza kudai leseni. Mnunuzi anadhani ametapeliwa, anakimbilia kwa fundi.

Tulia kwanza. Leseni za taasisi za Windows kwa kawaida hujengwa juu ya leseni ya kiwandani, tena mara nyingi ya Pro. Ile ya taasisi inabaki na taasisi, lakini ya kiwandani ilikuja na mashine na inaondoka na mashine. Mwambie fundi aweke upya Windows ya toleo lile lile la kiwandani, kisha aiunganishe na intaneti. Kama ufunguo umo kwenye bodi kuu na toleo linalingana, itajiwasha yenyewe. Hapo unamlipa fundi kazi ya kuweka, humlipi leseni.

Kama yako inahamishika, fuata hatua hizi

1. Nakili kumbukumbu zote kwanza: daftari la mauzo, orodha ya wanachama, picha za hati. Weka sehemu mbili, flashi na diski ya nje, na uzifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama zinafunguka kweli.

2. Andika ufunguo wako wa herufi na namba 25 na toleo lake, kama ni Home au Pro. Leseni ya Home haiwashi Pro, wala ya Pro haiwashi Home.

3. Kwenye kompyuta ya zamani ingia na akaunti ya Microsoft, kisha fungua mipangilio sehemu iliyoandikwa Activation. Hakikisha inasema leseni imeunganishwa na akaunti yako.

4. Itoe leseni kwenye kompyuta ya zamani. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika slmgr /upk, kisha Enter. Hii inaondoa ufunguo pale.

5. Kwenye kompyuta mpya weka Windows ya toleo lile lile, nenda Activation, chagua kubadilisha ufunguo, uingize wako.

6. Ikikataa, ingia kwa akaunti ile ile na utumie kisuluhishi kilichopo hapo hapo, uchague kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni, kisha uiteue kompyuta yako kwenye orodha.

Tahadhari kwa wenye makasha ya Windows 7 na 8: ule mwaka wa kupanda bure uliisha tarehe 29 Julai 2016, lakini funguo hizo ziliendelea kukubalika kimyakimya hadi Septemba 2023, Microsoft ilipoifunga njia. Kwa hiyo anayekwambia leo atatumia namba ya Windows 7 kuwasha Windows 11 kwenye kompyuta mpya, muulize njia gani anatumia. Akisita, funga mkoba.

Kama haihamishiki, hujafilisika

Kwanza, jiulize kama kweli unahitaji kompyuta nyingine. Ikiwa kilichoharibika ni kioo, betri, RAM au diski, tengeneza. Leseni ya kiwandani imefungamana na bodi kuu, hivyo kubadilisha diski au RAM hakuiui. Ukiweka Windows upya itajitambua. Bodi kuu ikifa ndipo leseni hufa nayo.

Pili, ukiuza kompyuta ya zamani, iuze na leseni yake. Mwonyeshe mnunuzi ile amri ya slmgr /dli. Kompyuta yenye leseni halali ina thamani kuliko iliyochakachuliwa, na hiyo tofauti ya bei ni halali yako.

Tatu, unaponunua nyingine, nunua ambayo tayari ina leseni. Soma kasha: laptop mpya zilizoandikwa FreeDOS ni nafuu kwa sababu hazina leseni ya Windows. Muuzaji akikuwashia Windows juu ya FreeDOS bila kukuonyesha ufunguo wala risiti, hiyo Windows ameitoa wapi? Fanya hesabu pia. Bei ya Microsoft yenyewe nchini Marekani kwa Windows 11 Home ni dola 139, ambayo kwetu ni zaidi ya laki tatu. Laptop yenye leseni ikiwa ghali kwa laki moja kuliko ya FreeDOS, iliyo ghali ndiyo rahisi.

Nne, kwa mwenye kuandika barua, kutunza hesabu na kufungua mifumo ya kwenye kivinjari, kama ule wa vyama vya ushirika wa MUVU, upo mfumo wa bure wa Linux Mint pamoja na LibreOffice kwa ajili ya hesabu na maandishi. Utahitaji wiki mbili tatu za kuzoea, na kabla ya kuhamia hakikisha printa yako inakubali. Si wa kila mtu, lakini hauna ufunguo wa kutafuta.

"Sisi wadogo, nani atatufuata Kibondo?"

Hoja hii nimeisikia mara nyingi. Naijibu hivi: sheria ipo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda na programu za kompyuta. Lakini kama hofu yako ni askari tu, hujaiona hatari yenyewe.

Programu za kuchakachua Windows, kabla hazijafanya kazi, hukutaka uzime kinga ya virusi. Fikiria hilo. Mgeni anakuja usiku, anakwambia, "Fungia mbwa kwanza ndipo niingie." Baada ya hapo huwezi kujua aliacha nini ndani. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye majina ya wanachama, namba zao za simu na za NIDA, kilo za kahawa au tumbaku za kila mmoja na deni la pembejeo. Mwenye steshenari anapokea flashi za kijiji kizima na watu wanafungulia humo barua pepe zao na maombi ya ajira. Kirusi kikifunga mafaili siku mbili kabla ya malipo ya msimu, utawaeleza nini wanachama waliosimama mlangoni? Kwamba uliokoa laki tatu?

Na zile funguo za bei ya kutupa zinazouzwa mtandaoni, nyingi huwa zimechotwa kwenye leseni za taasisi au za mashine nyingine. Zinawaka leo, kesho Microsoft ikizifunga muuzaji humpati.

Leseni ya kikundi isiwe ya katibu

Kikundi kimoja cha wakulima wa maharage wilayani Kasulu kilinunua leseni kamili ya Pro kwa pesa ya wanachama. Katibu akaiunganisha na barua pepe yake binafsi, bila nia mbaya, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Uchaguzi ukaja, katibu akahamia Dar es Salaam, namba yake ya simu ikabadilika. Kompyuta ilipokufa bodi, leseni ilikuwa inahamishika kabisa, ila hakuna aliyekuwa na nywila, wala ufunguo haukuandikwa popote. Wakanunua nyingine.

Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo halina gharama. Fungueni barua pepe ya kikundi, iunganishwe na simu ya ofisi. Andikeni kwenye daftari la mali: aina ya kompyuta, aina ya leseni, toleo, ufunguo, tarehe na namba ya risiti. Nywila iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na mweka hazina, na katibu anapokabidhi ofisi akabidhi na hiyo, kama anavyokabidhi mhuri na mizani.

Mafundi nao niwatendee haki: wengi wao si matapeli. Kunakili kumbukumbu ni kazi, kuweka Windows ni kazi, walipwe. Ninachotaka ni risiti yenye mistari mitatu: kunakili kumbukumbu kiasi gani, kuweka mfumo kiasi gani, leseni kiasi gani. Kwenye mstari wa leseni aandike aina yake na herufi tano za mwisho za ufunguo. Fundi mkweli hatakasirika.

Je, utaratibu huu ni wa haki?

Kwa maoni yangu, si wa haki kwa mtu wa kipato kidogo. Umelipia kompyuta na Windows yake, bodi ikipigwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, umepoteza vyote viwili. Ulaya jambo linalokaribiana na hili walilipeleka mahakamani. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba aliyenunua leseni ya kudumu ya programu anaweza kuiuza tena, ila sharti aifanye nakala yake isitumike. Uamuzi huo ni wa kwao, haufiki Kasulu. Lakini unaonyesha kwamba masharti haya yameandikwa na watu, na watu wanaweza kuyahoji. Vyama vyetu vya ushirika, vikiungana na kununua kompyuta kwa pamoja, vina sauti ya kumdai muuzaji leseni zinazohamishika. Mkulima mmoja mmoja hana sauti hiyo.

Mpaka siku hiyo ifike, kujidanganya hakusaidii. Wiki hii, kabla mvua haijakubana shambani, kaa mbele ya kompyuta yako dakika kumi. Andika amri ile, soma kisanduku, nakili majibu kwenye daftari la mali. Ukishajua mzizi wako uko wapi, fundi akija mtaongea bei mkiwa sawa.

Mwenye swali afike ofisi ya kata siku ya kazi, aje na picha ya kisanduku hicho kwenye simu yake na risiti kama anayo. Tukutane makala ijayo, tutarudi kwenye maharage.